Nyanchera na Swali la Profesa

Niliweka cherehani yangu kwenye baraza ya duka la Nyanchera, pale Keroka, kwa sababu baraza ile ilikuwa na kivuli kutwa nzima na mwenye duka hakuwa mtu wa umbea. Umbea tulikubaliana ni kazi yangu mimi, Drusilla. Yeye kazi yake ilikuwa kuuza. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa kucheka na mteja lakini mgumu wa kupunguza bei. Jumamosi hata ungemlilia kwamba umefiwa na unataka sanda, duka lilikuwa limefungwa kwa ajili ya Sabato. Sanda yenyewe aliipitisha mlango wa nyuma, bure, na kukuomba usimwambie pasta.

Zamani duka lile lilikuwa la Shashikant, Mhindi aliyekaa Kisii mjini na mkewe Padma. Nyanchera alikuwa akinunua sukari kwake na kuiuza sokoni kando ya ndizi zake. Serikali ilipoleta sheria ya leseni, kwamba asiye raia asifanye biashara katika vituo vidogo kama chetu, Shashikant alikuwa bado anasitasita kuhusu uraia. Badala ya kufunga, alimwomba Nyanchera achukue leseni kwa jina lake. Yeye angeleta bidhaa, Nyanchera angeendesha duka, na faida wangegawana nusu kwa nusu. Hawakuandikiana chochote. Walikunywa chai, mambo yakaisha.

Sheria haikuruhusu hilo, na sitajifanya kwamba iliruhusu. Lakini wengi walifanya vivyo hivyo, kuanzia Ogembo hadi Nyaramba, na wengi wao walikuwa majina tu kwenye leseni ukutani, wanaopewa kitu kidogo mwisho wa mwezi ili wanyamaze. Nyanchera hakuwa jina ukutani. Ni yeye aliyemwachisha Shashikant kuleta vitambaa vya kumetameta ambavyo hakuna aliyevinunua, akamwambia alete majembe kabla ya mvua na blanketi kabla ya baridi ya Juni. Baada ya miaka michache, Shashikant alipofika na gari lake siku ya Ijumaa, alisimama upande wa wateja na kuuliza, kwa heshima kabisa, Mama Ombui anataka aletewe nini. Ombui ni kifungua mimba wake Nyanchera.

Sasa nije kwa Abner, ingawa sina hamu naye. Abner ni mdogo wake wa tumbo moja. Nyanchera alipoolewa na Momanyi, anayefanya kazi kwenye mashamba ya chai huko Kericho, ng'ombe wa mahari yake waliuzwa mmoja baada ya mwingine mpaka Abner akamaliza sekondari. Waliobaki, Abner aliwatumia kuoa. Kwetu ndugu aliyepata mke kwa ng'ombe wa dada yake amefungwa kwa dada huyo maisha yote. Dada akigombana na mumewe, akifiwa, akikosa pa kwenda, nyumba ya ndugu huyo ndiyo kwake.

Abner alisoma akawa mwalimu msaidizi wa masomo ya biashara katika chuo kikuu, Nairobi. Alitueleza kwamba huko, mwalimu asiye na shahada ya ng'ambo hupewa kazi nyingi na hasikilizwi na mtu. Dawa yake ilikuwa ufadhili wa kwenda kusoma Amerika hadi udaktari. Kulikuwa na profesa wa biashara aliyetoka huko huko, amekuja kufanya utafiti juu ya wafanyabiashara Waafrika, naye angechagua mwalimu mmoja tu wa kuondoka naye. Walimu vijana wote walikuwa wakimzunguka. Abner alihitaji kumpelekea jambo ambalo wenzake hawakuwa nalo.

Desemba ya 1971 akaja Keroka, akakaa kwa dada yake hadi mwaka mpya. Alikuwa akikaa dukani juu ya gunia la chumvi, anakunywa soda, anauliza maswali, nasi tukamwona mtu mzuri asiyejidai. Siku moja tukila mchana jikoni kwa Nyanchera, aliuliza Shashikant anapata nini katika duka hili. Nyanchera akamweleza yote. Alieleza kwa furaha, maana miaka yote ile hakuwa amepata mtu wa kumringia, na sasa alikuwa na ndugu yake, msomi wa biashara, anayetikisa kichwa kwa kustaajabu. Alipomaliza alimwambia hayo yabaki hapo hapo jikoni. Abner akauliza, "Dada, kwani mimi ni nani?" Tukacheka sote, tukaendelea kula.

Mwezi wa tatu gari la serikali likasimama mbele ya duka. Akashuka Abner mwenye tai, na mzungu mzee aliyevua kofia alipomwona Nyanchera, na nyuma yao afisa wa biashara wa wilaya. Watafiti wa kigeni walikuwa wakizungushwa na afisa, ndio utaratibu. Huyu wetu alikuwa mtu wa Pwani, mpole, ambaye kila mwaka alilikagua duka lile, akanywa soda, akaondoka bila kutafuta asichoulizwa.

Profesa alizungumza Kiingereza kwa muda mrefu huku akitabasamu. Nilimwona yule afisa akiacha kutabasamu. Kisha Abner akatafsiri kwa Kiswahili.

"Profesa anasema amefurahi kukuona. Alisoma habari yako yenye niliandika. Sasa anataka kusikia kwa mdomo wako, vile wewe na yule Mhindi mnagawana faida ya hii duka."

Nilitoa mguu kwenye cherehani. Baadaye nilikuja kujua kwamba wenzake Abner walikuwa wamemnong'oneza Profesa kuwa kijana amejitungia hadithi, na ndiyo sababu mzee wa watu alifunga safari kuja kuhakikisha. Yeye wala hakuwa na nia mbaya. Sidhani alijua kwamba kwetu swali kama lile lingeweza kufunga duka. Abner alijua vizuri.

Afisa alitazama rafu, akatazama mizani, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hulazimiki kujibu. Huenda kijana hakuelewa vizuri ulivyomweleza."

Mtu wa Pwani alikuwa amempa nafasi. Neno moja tu la kukana lingetosha, nao wangepanda gari lao waende zao. Lakini neno hilo hilo lingemfanya Abner kuwa mwongo mbele ya mzungu wake. Nyanchera akamgeukia ndugu yake, akasema naye kwa Ekegusii, lugha ambayo wale wageni wawili hawakuijua.

"Abner, nikikana, wewe utakosa Amerika. Nikikubali, mimi nitakosa duka. Niambie niseme nini."

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza mgeni ale nini. Naamini kabisa alitaka kusikia mdogo wake akisema, kana, dada. Hata kama Abner angesema hivyo, nina hakika Nyanchera angekubali kosa mwenyewe ili amwokoe. Alitaka tu asikie.

Abner alitazama viatu vyake. "Sema ukweli tu, dada," akajibu kwa lugha yetu. "Mungu anapenda ukweli."

Nimesikia wahubiri wa kila aina, lakini sijawahi kusikia jina la Mungu likitumwa kazi chafu namna ile. Nilimchukia Abner papo hapo, na sijaacha mpaka leo.

Nyanchera aliifuta kaunta kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. Akamwambia afisa kwa Kiswahili kwamba ni kweli, wanagawana nusu kwa nusu. Abner akatafsiri. Profesa akamshika Nyanchera mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru.

Leseni ilichukuliwa kabla ya mvua kuisha. Shashikant alipokuja kupakia bidhaa zilizobaki hakugomba, aliuliza tu nani alisema. Nyanchera akajibu kwamba ni yeye mwenyewe. Padma na mumewe walihamia Uingereza mwaka ule ule.

Abner alipewa ufadhili wake. Kwao Nyaramba walimfanyia sherehe ya kumuaga, mbuzi wakachinjwa, kanisa likaimba. Aliposimama kushukuru, alieleza utafiti wake, jinsi akina mama wasio na elimu wanavyotumiwa na wageni kuficha biashara zao, bila wao wenyewe kujua linaloendelea. Watu walipiga makofi. Nyanchera alikuwa nyuma pamoja na wake wa ukoo, anaosha sahani, na maneno yote yalimfikia. Mama yao alinilalamikia mimi kwamba binti yake amenuna siku ya baraka ya mdogo wake, labda ana wivu.

Nyanchera alirudi kuuza ndizi sokoni. Miaka ikapita, Abner hakumwandikia.

Alirejea mwaka wa 1977, sasa ni Daktari, ana gari lake na wafadhili wapya. Walikuwa wakitafiti kwa nini maduka mengi ya Waafrika yalikufa baada ya Wahindi kuondoka. Siku ya soko aliwaacha wageni wake garini, akaja hadi penye ndizi, akachuchumaa. Alimsalimia dada yake kwa Ekegusii, akauliza habari za watoto, akasema ana maswali machache tu, angemsaidia sana.

Nyanchera alimtazama vizuri, akajibu kwa Kiswahili.

"Karibu, bwana. Unataka mkungu mzima ama chane moja?"

Hapa kwetu Kiswahili ni cha soko na cha wageni. Hakuna anayekitumia na mtu waliyenyonya ziwa moja. Abner alicheka, akidhani ni mzaha, akarudia kwa Ekegusii, akamwita dada. Nyanchera akamwambia, kwa Kiswahili kile kile anachowaambia madereva wa malori ya Kericho, kwamba zile za kushoto zimeiva, zitafika Nairobi zikiwa bado nzuri. Abner alirudia tena, na dada yake akangoja kwa adabu, kama mtu asiyeelewa lugha ya mgeni.

Mwishowe Abner aliuliza bei, kwa Kiswahili. Alilipa, akachukua chane yake, akasema asante mama. Nyanchera akamwambia karibu tena, akamgeukia mteja mwingine.