Zamu ya Mandolini

Mandolini ya nyumbani kwetu ilinuka mazutu. Watu wakilisikia jina la ala hiyo hufikiria mbao zinazong'aa na nyimbo za mapenzi. Mimi hunijia puani harufu ya lori. Baba alikuwa akiiweka nyuma ya kiti chake cha udereva, imeviringishwa ndani ya koti lake la kazi, kutoka Kolwezi mpaka Fungurume, Likasi na Lubumbashi, na kila iliporudi ilikuwa imeongeza tabaka jingine la mafuta, vumbi jekundu na samaki wakavu. Niliichukia harufu ile na niliipenda. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sikujua kwamba mtu anaweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Siku hizi najua, wala sioni fahari yoyote kulijua.

Kwa asili tulikuwa watu wa Kasongo, Waislamu, wachuuzi na madereva, tuliokuja kutafuta maisha Katanga, ambayo miaka ile tulilazimishwa kuiita Shaba, kama nchi yenyewe ilivyoitwa Zaire. Baba alikuwa na lori lake mwenyewe, jambo lililomfanya atembee kifua mbele, na alikuwa na wake wawili, jambo lililomzidishia kifua. Lupango wetu, yaani kiwanja chetu, ulikuwa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, enzi ambazo mihogo ilikuwa bado inalimwa kati ya nyumba na nyumba. Ndani ya lupango huo nyumba mbili za matofali zilitazamana mlango kwa mlango. Ya upande wa barabara ilikuwa yetu, mama na mimi. Ya ng'ambo ya uwanja ilikuwa ya mke wa pili, ambaye nilitakiwa kumwita Mama Mudogo, na mtoto wake mchanga. Baba alilala siku mbili huku na siku mbili kule. Hiyo ndiyo iliyoitwa zamu, na katika nyumba kama yetu zamu si jambo la mzaha: dini imeiamrisha, na majirani wanaihesabu kwa vidole.

Mandolini aliinunua kwa Mgiriki mmoja mwenye duka, wakati serikali ilipochukua maduka ya wageni na yule mtu akawa anauza kila kilichokuwa nyumbani mwake, mpaka vijiko. Madereva wenzake walimfundisha nyimbo tatu za harusi, akaridhika nazo. Jioni, akishaoga, alikaa mlangoni pa nyumba ya zamu, akapiga hizo tatu, akarudia. Kisha aliingia ndani nayo, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: mandolini ililala pale baba alipolala. Hakuna aliyelipanga jambo hilo, lakini mtaa mzima ulilijua. Wanawake waliokuwa wakitwanga mihogo walisimamisha mchi, wakasikiliza sauti inatoka upande gani, wakaambiana, "Leo iko kwa mukubwa," au "Leo iko kwa mudogo." Mama yangu hakuweza kutofautisha wimbo mmoja na mwingine. Alichojua ni upande ulikotoka.

Nilianza kujifunza kwa sababu nilimsahihisha baba. Alikosea mahali, nami, nikiwa nachambua mchele, nikaimba pale palipokosewa. Akaniangalia kwa muda mrefu, akanipa kile kitu nishike. Msidhani nilipata mwalimu mpole. Baba aliamini kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na alifundisha mandolini kama alivyofundisha watu kufunga nati za gurudumu. Nyuzi ni nane, lakini zimekaa mbilimbili, na kila jozi lazima iseme neno moja. Mimi siku ya kwanza nilizikaza kila mmoja na sauti yake, nikidhani nyuzi nane ni sauti nane. Alinigonga vidole kwa mpini wa bisibisi. Nyuzi zilizokatika alizibadilisha kwa nyaya alizozichambua kutoka breki ya kinga, baiskeli ile ya zamani, na nyaya za breki hazina huruma na ngozi ya mtoto. Nilitoka damu. Mama alinichovya vidole katika maji ya chumvi bila kusema pole, nikapiga kelele, naye akaniambia kama nimelitaka nilivumilie.

Kazi kubwa ilikuwa ni ule mtetemo. Sauti ya mandolini ni fupi, inakufa kabla hujaifurahia, kwa hiyo mkono wa kulia lazima utetemeke juu ya jozi ya nyuzi, juu na chini, haraka, mpaka sauti fupi nyingi ziungane ziwe moja ndefu. Baba alisema ni kama kuchekecha unga: ukikaza mkono unamwaga, ukiulegeza hakipiti kitu. Kwa mwezi mzima nilimwaga. Halafu jioni moja, bila kutangaziwa, unga ukapita. Sauti ilinyooka, ikakaa hewani juu ya uwanja, na baba akaacha kutafuna kijiti chake. Hakunisifu. Alisema tu kwamba binti wa dada yake ataolewa baada ya mwezi wa mfungo, na kwamba bibi harusi akiingizwa, mimi ndiye nitakayepiga. Nilikuwa sijawahi kuahidiwa kitu chochote na mtu yeyote. Nililala na mikono chini ya kwapa, naogopa isije ikaibwa.

Ahadi ile ilinifanya mtumwa wa zamu. Siku mbili nilizokuwa na mandolini nilipiga mpaka shingo ikaniuma; siku mbili ilipokuwa ng'ambo nilipiga juu ya paja langu, na ilinitosha. Lakini baba alirudi kutoka Lubumbashi siku moja ambayo ilikuwa yetu, akapaki lori, akavuka uwanja moja kwa moja. Mtoto wa kule anaumwa, tuliambiwa. Haya, mtoto anaumwa. Zamu iliyofuata bado anaumwa. Zamu ya tatu mtoto nilimwona kwa macho yangu anacheka na kuvuta mkia wa paka. Mama alipika chakula cha baba kila siku ya zamu yake, akakifunika kwa sahani, na asubuhi akakimwaga kwa kuku mbele ya watu wote, ili waone. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu. Sugu ile ya nchani, niliyoilipia kwa damu, ilianza kulainika, ikabanduka kama ganda la kitunguu. Kila mmoja wetu alikuwa na chake kinachomtoka.

Zamu ya nne nilikuwa nateka maji kwenye bomba lililokuwa katikati ya uwanja, Mama Mudogo akanifungulia mlango. Nakiri kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa msichana tu, pengine hakunizidi miaka kumi, na huko alikotoka aliozeshwa bila kuulizwa. Alinionyesha mandolini msumarini, akaniita kwa sauti ya chini, "Mutoto, kuya upige. Baba yako hayuko." Nilitamani mpaka mate yakanijaa mdomoni. Basi nikayatema, chini, karibu na miguu yake. Alirudi ndani akafunga mlango polepole. Mama aliyaona yote kutoka dirishani, na mchana ule nilipata kipande kikubwa cha samaki, kile cha tumboni, ambacho siku zote kilikuwa cha baba. Nilikila chote. Leo nikikumbuka ladha yake naona haya, ila siwezi kusema kwamba siku ile niliona.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, wazee watatu wa Kasongo walikuja kupanga harusi na baba. Waliwekewa viti uwanjani, katikati ya nyumba mbili. Aliyewapikia ni mama, kwa kuwa heshima ya wageni ni ya mke mkubwa, hata kama zamu yake imekauka. Nilizunguka na birika na beseni, wakanawa. Mkubwa wao alikuwa mzee mwembamba aliyeheshimiwa sana msikitini, mtu ambaye baba alipozungumza naye alivua kofia. Walikula, wakaipenda mboga, na baba akachangamka. Akaanza kujigamba. Akasema watoto wa siku hizi hawajui kitu, lakini wa kwake anapiga mandolini kuliko wanaume. "Faida," akaniambia, akiwaonyesha wazee kwa mkono, "leta mandolini, tata zako basikie."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa. Nataka lieleweke, maana watu wamenitetea kwa miaka mingi wakisema nilikuwa mtoto, maneno yalinitoka tu. Hayakunitoka tu. Nilijua ni nini kitakachotokea nikiyasema mbele ya yule mzee, nikaweka birika chini kwanza ili nisilimwage.

"Haiko kwetu, Baba," nilisema. "Zamu yetu ilipita mara ine. Mandolini haiyakuya."

Kuku ndio walioendelea kula. Wazee wote watatu walijua mandolini ile inalala wapi na inalala na nani. Yule mwembamba aliuliza, kwa upole, si mimi bali baba, "Mara ine?" Mzee akalirudisha tonge sahanini, akanyoosha mikono nimnawishe, ingawa chakula kilikuwa bado nusu. Wengine wawili wakafanya vivyo hivyo. Niliinua tena birika, nikawanawisha bila kumwaga tone nje ya beseni. Mlangoni kwetu mama alikuwa amesimama, na usoni mwake niliona furaha, furaha tupu, ya mtu aliyesikia mdaiwa wake anatajwa jina sokoni. Mkuki kwa nguruwe, alikuwa akisema kimoyomoyo, nilimjua.

Kabla ya magharibi baba alivuka uwanja. Tulimwona anakuja na kile kifurushi cha koti, mama akakimbilia kubadilisha kitenge. Alikuwa anajifunga kipya, kile cha Idi, baba alipofika mlangoni. Hakuvua viatu. Aliweka mandolini kizingitini, akakunjua koti lake, akalitia begani. Akasema, "Zamu yenu mulikuwa munaitafuta. Ni hii." Akageuka. Mama alikuwa na ncha moja ya kitenge mkononi na nyingine haijapata mahali pa kukaa. Baba hakulala tena nyumbani kwetu, si usiku ule, si mwezi ule, mpaka alipokufa. Hakumpa mama talaka. Unga ulikuja, mafuta yalikuja, ada yangu ya shule ililipwa, ili mtu yeyote msikitini asiwe na la kusema. Yeye mwenyewe hakuja. Harusini walileta vijana wa Likasi wenye magitaa, na mimi nilipewa sahani za kuosha.

Mngedhani mama angeivunja ile mandolini. Hakuivunja. Siku ya tatu alitoa kiti nje, akakielekeza ng'ambo ya uwanja, akanikalisha. "Piga," akasema. "Basikie." Toka siku hiyo nilipiga kila jioni ambayo lori lilikuwepo, miaka sita. Mtu akiniuliza nilijifunzaje vizuri hivi, jibu ni hilo. Nyimbo tatu za baba nilizimaliza upesi, nikatafuta nyingine kwenye redio na kwa walevi, na zote nilizipiga kama mtu anayerusha mawe kwenye bati. Baba naye akanunua redio kubwa. Nikianza, anafungulia, nikizidisha, anazidisha, mpaka majirani wakaja kutuomba kwa jina la Mungu tuache. Hatukuacha. Siku anazikwa nilisimama na wanawake wenzangu, wakalia, mimi nikawa natazama viatu vyao.

Kasulo ya leo huwezi kuitambua. Wamechimba chini ya nyumba zao wenyewe kutafuta kobalti, na uliokuwa lupango wetu ni mashimo yaliyofunikwa turubai. Niliambiwa kwamba chumba cha ng'ambo, kile chenye msumari, ndicho kilichochimbwa kwanza. Sikusikitika. Malori yanayopita ni makubwa mara tatu kuliko la baba, na hakuna hata moja linalobeba ala ya muziki. Mimi naitwa kwenye harusi mpaka Lubumbashi. Watu hunitunza, husema mama huyu ana mkono mtamu. Nacheka. Wangejua mkono huo ulitiwa sukari na nani, wangenirudisha nyumbani na nauli yangu.

Mama naishi naye. Ni mzee sana sasa, na nikiigusa mandolini tu, yeye ambaye aliniamuru niipige miaka sita, huinuka, hushika ukuta, huenda chumbani akafunga mlango. Kwa hiyo nafanya mazoezi akiwa amelala. Mwaka jana tulikuwa tunachambua maharage, sinia moja katikati yetu, tunazungumza habari za bei ya mkaa. Akasema, bila kuinua macho, kana kwamba ni habari za mkaa bado, "Kama ungenyamaza ile siku, angerudi kwetu."

Miaka hamsini karibu amekaa na neno hilo. Nilikuwa na mengi ya kumjibu: kwamba alisimama mlangoni anafurahi, kwamba kipande cha samaki alinipa yeye, kwamba mwanamume yule asingerudi hata ningekuwa bubu. Yote yalikuwa ya kweli, au karibu yote. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja ningeyasema, na ningeweka sinia chini kwanza. Niliendelea kutoa mawe kwenye maharage, yake na yangu, kwa kuwa yeye hayaoni vizuri tena.