Boliti ya Kitanda kwenye Stata

Jina la Mzee Mteremko hakupewa na wazazi wake. Alipewa na majirani, kwa sababu pikapu yake haikuwahi kuegeshwa mahali tambarare. Akienda sokoni aliiacha mlimani, akienda kununua mbao aliiacha mlimani, na siku aliyokwenda kumwona mgonjwa katika hospitali iliyojengwa bondeni, aliiacha mwendo wa dakika ishirini kutoka langoni, akateremka kwa miguu na mfuko wa machungwa mkononi. Stata, kile kifaa cha kuiamsha injini, ilikuwa imechoka. Ukigeuza ufunguo ilitoa sauti ya mtu anayekohoa kwa haya mbele ya wakwe, kisha kimya.

Shida ni kwamba nyumbani kwake hapakuwa na mlima. Uani palikuwa tambarare kama meza, na barabara ilianza kushuka nje ya geti tu. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya saa moja palikuwa na utaratibu ambao mtaa mzima uliujua. Kwanza mkewe, ambaye ukoo wote ulimwita Mama Mkubwa, alitandika gunia chini ya pikapu, akalala chali, akaigonga stata mara tatu kwa nyundo, mahali alipopajua yeye peke yake, huku mumewe akigeuza ufunguo. Siku njema iliwaka. Siku nyingi haikuwaka. Hapo mzee alifungua geti, akasimama barabarani na kupiga makofi mawili, na watu waliokuwa wakienda kazini wakaegemeza mifuko yao ukutani, wakaja kusukuma: kinyozi, mwalimu wa hesabu, dada wawili wa duka la dawa, na yeyote aliyepita akiwa na mikono miwili. Pikapu ikivuka geti ilishika mteremko, mzee akaachia klachi kwenye gia ya pili, injini ikashtuka na kunguruma, na wale watu wakarudi kuchukua mifuko yao wakiwa na moshi puani na jambo la kuchekea njia nzima.

Mama Mkubwa hakuwa na neno na kusukuma. Neno lake lilikuwa bega. Miaka minne ya kugonga chuma akiwa amelala chali ilikuwa imemharibu bega la kulia, hata kuchana nywele kukawa ni kazi ya kuombea. Daktari alimwambia aache kuinua mkono huo, la sivyo siku moja utakataa kuinuka kabisa. Akarudi nyumbani, akamwambia mumewe sasa imetosha, stata ibadilishwe.

Mzee akajibu kuwa stata ile ni mgonjwa, si maiti, na mgonjwa hazikwi.

"Basi mgonge mwenyewe," mkewe akasema.

"Mimi nikilala chini ya gari, mama, nani atanitoa?"

Ilikuwa kweli, maana tumbo lake lilikuwa limestaafu kabla yake. Lakini ukweli haukuponya bega. Mama Mkubwa aliliweka jambo lile mbele za Mungu siku tatu, na siku ya nne akaliweka mbele ya fundi.

Fundi huyo alikuwa mtoto wa mdogo wake, kijana mwenye gereji na mdomo mrefu kuliko spana zake zote. Shangazi, wajomba, wateja, wote aliwapa habari za wengine. Mama Mkubwa alimwapisha kwanza, ndipo akamweleza: anataka stata mpya kwa akiba yake mwenyewe, ifungwe Jumamosi baba mkubwa akiwa amekwenda kwa miguu kwenye mazoezi ya kwaya, na mzee asijue. Atageuza ufunguo Jumatatu, gari litawaka, ataona ni majaliwa ya Mungu, na nyundo itarudi kupiga misumari.

"Huo si uongo, mama mkubwa?" fundi akauliza.

"Uongo ni ukiulizwa. Wewe nani amekuuliza?"

Jumamosi fundi akaja na stata ya kisasa, ndogo kuliko ile ya zamani na nyepesi, lakini yenye nguvu mara mbili. Alipotoka chini ya pikapu alikuwa anacheka peke yake. Stata ya zamani, alisema, ilikuwa imeshikiliwa na boliti mbili. Moja ni ya gari. Nyingine ni ya kitanda.

Mama Mkubwa akaitazama ile boliti kiganjani, ndefu, yenye kichwa cha mviringo, na mambo mengi yakamwingia akilini kwa pamoja. Kitanda chao kilikuwa kikilia tangu miaka minne iliyopita. Mtu akigeuka upande, kinalia. Akipiga chafya, kinalia. Siku zote mumewe alikuwa akimwambia ni mbao, zinazeeka kama sisi.

Hata hivyo hakuweza kumshtaki bila kujishtaki. Akamwambia fundi aifunge stata mpya kwa boliti zake halali, aipake grisi na vumbi isije ikang'aa. Stata ya zamani akaificha stoo ndani ya ndoo, chini ya maharage. Boliti ya kitanda akaitupia ndani ya kopo lake la vifungo, mahali ambapo hakuna mwanamume aliyewahi kutia mkono tangu dunia iumbwe.

Jumapili walikwenda kanisani kwa miguu, na aliimba kwa sauti kuliko kawaida yake.

Jumatatu akatandika gunia kama desturi. Mumewe akamwambia aache. Kwamba usiku ameota stata imekufa moja kwa moja na nyundo haina faida tena. Mama Mkubwa akainamisha uso kuficha furaha, akasubiri. Mzee akageuza ufunguo.

Kimya. Hata kile kikohozi hakikuwepo.

Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni, akafungua geti, akapiga makofi mawili. Kinyozi akaja, mwalimu akaja, pikapu ikasukumwa. Mama Mkubwa alibaki uani na gunia mkononi, akimwona yule fundi akilini mwake, na hakumwona kwa upendo.

Kabla ya saa tatu alikuwa gereji. Fundi aliapa kwa kila kitu kilichokuwa karibu naye, pamoja na jeki. Alhamisi alasiri akaja nyumbani, akijifanya amepita kusalimia. Mzee akampokea vizuri mno, akampa chai, akamfuata hadi kwenye pikapu. Kutoka dirisha la jikoni Mama Mkubwa aliona boneti likifunguliwa, mzee akisimama nyuma ya kijana, kisha boneti likifungwa taratibu sana. Fundi aliporudisha kikombe hakumtazama usoni.

"Ni jambo la kuvumilia tu, mama mkubwa," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuongeza neno.

Basi akavumilia. Bega lilikuwa limepata nafuu, maana mumewe hakumwita tena na nyundo, na hilo alimshukuru Mungu. Lakini usiku alilala akiwaza akiba yake iliyofungwa chini ya gari lisilowaka. Alilala kimya sana. Hakujiuliza ni kwa nini palikuwa kimya.

Ikapita miezi miwili. Siku moja saa sita mchana mke wa mwalimu wa hesabu alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mwalimu yuko shuleni, kinyozi yuko kazini, barabara nzima hakuna mtu ila kuku. Mama Mkubwa alimleta mzazi hadi kwenye pikapu akimshika kiuno, akamkalisha, ndipo akakumbuka kuwa hakuna wa kusukuma. Akamgeukia mumewe.

"Tutafanyaje?"

Mzee Mteremko akamtazama mke wa mwalimu, ambaye alikuwa ameuma kanga. Akamtazama mkewe. Akashusha pumzi kama mtu anayeweka chini mzigo alioupenda. Akafungua boneti, akaingiza mkono karibu na betri, muda wa kufumba na kufumbua, akalifunga. Akapanda, akageuza ufunguo, na pikapu ikawaka kwa mguso mmoja, kwa sauti nyororo ambayo Mama Mkubwa hakuwahi kuisikia kutoka kwenye gari lile. Kupitia kioo cha mbele mumewe alimtupia macho ya mtoto aliyekutwa na kijiko ndani ya sukari. Kisha akaondoka, na kwa kuwa geti lilikuwa nusu wazi, akalikwaruza.

Mama Mkubwa aliingia chumbani, akakaa kitandani. Akageuka upande huu, akageuka upande ule. Akarukaruka kidogo, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mlango ukiwa umefungwa. Kitanda hakikulia. Akainama kuchungulia chini, na pale kwenye mguu wa nyuma akaiona ile boliti yenye kichwa cha mviringo, imekazwa barabara. Akacheka mpaka bega likauma.

Jioni mzee akarudi na habari kuwa mtoto ni wa kike na wote wazima. Mkewe akamwekea chakula, akakaa mbele yake.

"Ulijua lini?"

"Jumamosi ile ile. Kifungo cha joho langu la kwaya kilikatika. Bega lako lilikuwa linauma, nikasema nishone mwenyewe. Nikafungua kopo."

"Na fundi?"

"Aligundua nimeuchomoa waya mwembamba wa stata, ule wa karibu na betri; bila huo haiwaki. Nilimwambia akisema, nitamweleza mama yake nani alivunja kabati la vyombo."

"Mimi nimekulalia chini ya gari miaka minne, baba. Na wewe ukaniacha nidhani nimetapeliwa."

Mzee akasukuma sahani kando. Akasema hilo ni kosa, na anaomba msamaha. Halafu akasema kwamba tangu astaafu hakuna mtu mwenye sababu ya kufika getini kwake. Akisukumwa anawaona wote. Kinyozi alipokosa siku mbili, yeye ndiye aliyekwenda kumkuta na homa, peke yake, mlango umefungwa kwa ndani. Gari likiwaka lenyewe, atapita mbele zao na kupunga mkono, basi.

Mama Mkubwa akairudisha sahani mbele yake. Kisha akamwambia amwonyeshe huo waya.

Tangu siku ile waliuchomoa kwa zamu. Miaka mitatu mtaa mzima ulisukuma pikapu yenye stata mpya, na mke wa mwalimu, aliyejua siri, alisukuma akiwa na mtoto mgongoni na hakufungua mdomo.

Mzee Mteremko aliitwa na Muumba wake siku ya Jumanne, usingizini, kwenye kitanda kisicholia. Asubuhi ya maziko jeneza liliwekwa nyuma ya pikapu, na fundi, mwana wao kwa kila hali, ndiye aliyeshika usukani. Mama Mkubwa aliomba kwanza apewe nafasi ya kuomba peke yake karibu na gari. Watu wakageuka kwa heshima. Aliomba kweli. Lakini pia alifungua boneti.

Fundi akageuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena. Akainua macho, akakutana na ya mama yake mkubwa, makavu, mekundu, na ndani yake kitu ambacho hakikuwa msiba mtupu.

Mama Mkubwa akaenda hadi barabarani, akainua mikono yote miwili, ule wa kulia kwa taabu, akapiga makofi mawili.

Mifuko ikaegemezwa ukutani. Walikuja wengi kuliko siku yoyote, wengine hawakupata pa kushika, wakashika migongo ya wenzao. Pikapu ikavuka geti, ikashika mteremko.