Ukurasa wa Mtoto wa Pili

Mama yangu alikuwa mwosha maiti wa wanawake pale Likoni, nami nilimchotea maji ya kuoshea tangu nilipovunja ungo. Sheria yake ilikuwa moja: ulichokiona kwenye mwili wa mwenzio, kovu, kidonda au alama ya kipigo, hutoki nacho nje. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nilipopata kazi ya ualimu nilidhani nimeachana na mambo ya ndoo na sanda. Kumbe wapi.

Mwaka mmoja kabla ya bendera kubadilishwa, mwalimu mkuu alitutaka tukusanye habari za wazee, ziandikwe na kusomewa watoto, wajue waliowatangulia walipitia nini. Wenzangu walikimbilia masharifu na wenye majumba. Mimi nilikwenda kwa bibi mmoja msuka mikeka, jirani yetu wa nyuma, aliyekuja kutoka kusini ya Tanganyika angali kijana, baada ya vita vya Maji Maji. Mtaani tulimwita mtu wa bara, basi. Miaka yote hiyo nilikuwa nalalia mkeka wake na sikuwahi kumuuliza alinusurikaje.

Alisimulia siku nne, huku akisuka. Wanaume wa kijiji chao walipigwa risasi. Kisha askari wa Mjerumani wakachoma maghala na mashamba, makusudi, ili njaa iwamalize waliobaki. Yeye akatoka na watoto wawili, mmoja mgongoni, mmoja amemshika mkono. Siku ya nne aliacha kusuka. Alisema yule wa mkononi, binti wa miaka mitatu, alishindwa kutembea, na yeye hakuwa na nguvu za kuwabeba wote wawili. Akamkalisha kando ya njia, akamwambia anakwenda kumtafutia maji. Mtoto akaitikia vizuri, akabaki pale, hai. Bibi alinitajia jina lake mara tatu, akanitaka nimsomee ahakikishe nimeliandika.

"Wa mgongoni alifia kwa watu, akazikwa," aliniambia. "Huyu hana kaburi. Akiwa kwenye daftari lako atakuwa na pahala."

Nililia mbele yake. Lakini kesho yake, nilipokaa kunakili kwa wino, niliingiwa na hofu. Watoto wa darasa langu wangemtazamaje bibi huyu njiani? Wangemwita mama aliyemtupa mwanawe. Nikamsitiri. Nikaandika kwamba alitoka na mtoto mmoja. Ule ukurasa wa penseli nilioandikia kwake, wenye jina la binti, nikauchana, nikautia mekoni, na wallahi nilijiona nimefanya wema.

Siku ya kusoma aliletwa shuleni amejitanda leso mpya, akaketishwa mbele. Nilisoma kwa mbwembwe, maana sauti ninayo. Nilipomaliza watoto walipiga makofi. Yeye alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, na yule mwengine yuko wapi?"

Darasa zima lilinigeukia, na mwalimu mkuu naye. Ningeweza kusema kweli. Badala yake nilitabasamu, nikawaambia watoto kwamba bibi ni mtu mzima sasa, na wazee husahau.

Bibi aliteremsha mkono, akauweka mapajani, akakaa hivyo mpaka kengele ikalia. Mpaka leo nikiukumbuka mkono ule natamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilimwendea mara mbili, na daftari jipya na penseli niliyoichonga. Shikamoo yangu aliipokea, chai alinipa, habari alikataa.

"Mimi nasahau, mwanangu," alisema.

Alifariki kabla ya uhuru. Mama yangu alimwosha, na mimi ndiye niliyemimina maji. Nilitaka angalau nimtajie jina la mwanawe sikioni, kabla hajafungwa sanda. Nililitafuta lile jina kichwani tangu ndoo ya kwanza mpaka ya mwisho, na sikulipata.