Alama Mbili za Jiriwa

Mwanangu, kuna asubuhi moja hapa Voi ambayo nikiikumbuka mpaka leo masikio yananiwaka. Nilikuwa fundi wa baiskeli, bado kijana, na maneno mengi kuliko ujuzi. Mghoi, msichana kutoka kijiji cha Mghange, aliyekuwa akishindana mbio za baiskeli, aliniletea baiskeli ya klabu yao. Fremu yake ya kaboni, nyepesi ajabu, ilikuwa imepasuka kwenye bomba la juu. Mkufunzi wao alitaka kujua sababu. Kama ni uzembe wa Mghoi, angetolewa kwenye timu.

Sikuinama hata kuitazama vizuri. "Umeanguka nayo barabara ya Kishushe, ukanyamaza," nikamwambia.

"Fundi, haki ya Mungu sijaanguka," akasema, machozi yakimlengalenga. Nikamcheka.

Jirani yangu Mzee Barasa alikuwa amestaafu kutoka karakana ya reli, ambako kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu ya gari moshi kwa nyundo na kusikiliza kama yana ufa. Aliposikia hayo alisogea, akaomba sarafu, akaigonga fremu taratibu kutoka kwenye usukani kuelekea kitini. Ti, ti, ti. Karibu na ufa sauti ikazama. Akapangusa vumbi, tukaona alama mbili zinazotazamana, moja kila upande wa bomba, na ufa umeanzia hapo. Mkwaruzo wa kuanguka haukuwepo popote.

"Kijana wangu, mara ya mwisho ulipoitengeneza, uliishikilia kwa kitu gani?"

Nilijua jibu. Wiki iliyotangulia pedeli ilikataa kufunguka, nami nikaibana fremu kwenye jiriwa, kati ya taya zake mbili za chuma, nikakaza kwa nguvu zote, kama nilivyozoea kubana zile za chuma. Chuma huvumilia. Kaboni iliumia ndani, nje ikabaki inang'aa.

Jiriwa yenyewe ilikuwa pale mezani. Mzee hakuitazama, alinitazama mimi. Niliona aibu sana, mwanangu. Ningeweza kusema sikumbuki, lakini Mghoi alikuwa bado amesimama pale, anangoja. Nikafunga kibanda, tukaenda wote kwa mkufunzi, nikamwambia, "Aliyeivunja ni mimi."

Mghoi akabaki kwenye timu. Mimi klabu haikuniletea tena hata tairi, na sikuwalaumu.

Basi ukiletewa kilichovunjika, usianze kumtafuta wa kulaumiwa. Tazama ufa umeanzia wapi, na uanze kuikagua mikono yako mwenyewe. Ukikuta ni wewe, sema siku hiyo hiyo. Mungu akujalie masikio ya Mzee Barasa, na miguu ya kukufikisha kwa mkufunzi kabla moyo haujageuka.