Majani Yake, Mti Wangu

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, kama Karatu inavyokuwa mwezi wa saba. Mke wangu Petronila alitoa chupa ya mafuta dirishani, akamimina tone kiganjani, akasema, "Geuka." Nikageuka. Akanipaka shingoni, akajipaka na yeye, akaenda kung'oa maharage. Alirudi ameshika kichwa. Siku ya tatu tukamzika. Ilikuwa mwaka 1986.

Chupa imebaki nusu. Sipaki kila siku.

Mafuta yale yalianza mwaka 1981, madukani hakuna sabuni. Petronila alipanda milimani, Nainokanoka, na punda wa jirani, amebeba mahindi ya kubadilisha na samli kwa rafiki yake Nosim, mama wa Kimasai. Nosim akamwonyesha majani ya leleshwa. Vijana wachungaji huyabana kwapani wasinuke jasho. Mke wangu akarudi na mzigo wa majani.

"Sasa tunapaka majani?" nikamwuliza.

"Wewe subiri unuse."

Wakati huo nilikuwa nachonga nguzo za mtarakwa kwenye shamba la kahawa. Jioni narudi na maranda mfukoni, ya kuwashia moto. Siku hiyo akayachukua kabla hayajafika jikoni. Akayaloweka pamoja na majani yake katika mafuta ya nyonyo, akaiacha chupa juani wiki tatu.

Alipofungua, kwanza ilikuja harufu mbichi, ya jani lililovunjwa na umande. Halafu ikaja ya mti, kavu, imetulia, kama nyumba yenye mlango mpya. Ukijipaka unatembea umenyooka. Mgongo wangu ulikuwa umeinama kwa shoka, lakini Jumapili nilikuwa naingia kanisani kama mwenye ng'ombe mia.

Watu walicheka. "Baba Germana anapaka mafuta ya mkewe." Nikawajibu, ndiyo, napaka.

Mwaka 1984 binti yetu Germana akaolewa na Ignas, kijana wa Arusha mjini. Nyumbani kwetu mama ndiye anayempaka binti kabla hajatoka. Petronila aliitunza chupa ya siku hiyo mwezi mzima, hakuna kuigusa. Asubuhi ya harusi akaingia Leonida, shangazi yake Ignas, na manukato ya dukani ndani ya boksi.

"Dada, leo apake haya," akasema. "Hayo yako nimeyanusa kwa mumeo. Bibi harusi anukie kama baba yake?"

Wanawake wakacheka. Petronila hakucheka. Nilikuwa mlangoni, nikaona kidole chake kinasugua kizibo, kinasugua tu. Mwisho akasema, "Germana, sema wewe."

Germana akainamisha shingo. "Mama, nipake."

Akampaka, polepole, mpaka nyuma ya masikio. Leonida akarudisha boksi lake mkobani.

Mimi nami nilikuwa nimefanya kosa. Jana yake Ignas aliniuliza, "Baba, unapaka nini?" Nikamtilia kidogo kwenye kichupa cha dawa, nisimwambie mama Germana. Basi kanisani wamesimama wawili mbele, harufu ni moja. Leonida, benchi la kwanza, akanusa kushoto, akanusa kulia. Petronila akanitazama. Nikatazama altare. Kisha nikasikia bega lake linatikisika kwa kicheko, likagusa langu.

Wakati wa chakula Leonida akaja jikoni peke yake na kichupa kitupu.

"Dada, nitilie na mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Ila yale ya kike."

Petronila alikuwa anapakua pilau. Akaweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye kanga, akamwambia:

"Ya kike hakuna, dada. Majani nilichuma mimi, mti kachonga mume wangu, na pua ni yako. Lete chupa."