Kanga Aliyekatika Kidole

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinipeleka duka moja hapa Kitengela nichague pambo la ukuta. Ni plaiwudi nyembamba, imekatwa maua na ndege kwa matundu madogo madogo mpaka unaona upande wa pili. Muuzaji, mwanamume mzima mwenye ndevu, akaniambia, "Shosho, chagua yoyote. Mashine ikishashika mchoro inatoa hata mia, zote sawa." Alidhani ananifurahisha. Nikageuza ile kitu nikaangalia mgongo wake, nikaona ni safi kama uso, hauna hata alama ya mkono wa fundi, nikairudisha.

"Shosho, yaani wewe unashuku hata ubao?" mjukuu akacheka.

Ndio, hata ubao. Na wewe unayesoma, usinicheke kabla sijakueleza nilianzia wapi.

Baba yangu alikuwa fundi Kajiado, na kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya stesheni ya reli. Wakati huo majani chai yalikuja madukani kwa masanduku ya plaiwudi. Baba alichukua masanduku chai ikiisha, akayabomoa, akakata maua ya kuweka juu ya milango, pale hewa inapopitia. Alitumia msumeno wa mkono, fremu yake imepinda na meno yake membamba kama uzi. Ulilia polepole, kama mbuzi anayetafuna maganda makavu ya mgunga. Ubao ukipata joto ulinuka chai, na hata leo nikinusa chai kavu naona mikono ya baba.

Shule niliacha mapema, kwa hivyo kibanda ndicho kilinifunza. Baba alichora kwa karatasi, akatoboa mstari wote kwa sindano. Mimi nilishikilia karatasi juu ya ubao isicheze, nikaipigapiga na kitambaa chenye unga wa makaa, na nukta nyeusi zikabaki kwa ubao. Baba akifuata nukta na msumeno, mimi napuliza vumbi. Kazi ikiisha, nilipeleka karatasi jikoni nikaichoma. Hiyo ilikuwa sheria yake. Maua ya mlango wa mtu ni ya huyo mtu, hayatoki mara ya pili. Watu walimwamini kwa hiyo tu, maana mafundi wengine walikuwepo.

Mwalimu wa shule ya karibu, mama mmoja mkali, akaagiza ndege kanga kati ya majani. Baba alimkata kwa siku nne. Siku ya mwisho, akizungusha msumeno kwenye mguu wa kanga, kidole kimoja kikakatika. Kwa karatasi kulikuwa na vidole vitatu vya mbele, kwa ubao vikabaki viwili. Baba akalainisha kile kigutu na msasa, akaniangalia. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, baba."

"Sawa."

Mwalimu akachukua kanga wake, akafurahi. Karatasi nikaichoma kama kawaida.

Haikupita miezi miwili, kanga yule yule akatokea juu ya mlango wa mwenye duka, familia iliyotoka upande wa Garissa. Amekatwa na fundi mwingine, wa ng'ambo ya reli. Mwalimu akaja kibandani na hasira. Hata salamu hakutoa.

"Fundi, uliniambia maua yangu ni yangu."

"Ni yako, mwalimu. Karatasi ilichomwa."

"Ulichoma wewe?"

Baba akatupa jicho kwangu. Mwalimu akageuka kwangu, akaniangalia kutoka miguu mpaka kichwa. "Mtoto asiyeenda shule atajifunza nini kingine, kama si kuuza vya nyumbani?"

Baba hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema tu, "Toka. Usiingie hapa tena." Nilikuwa na miaka kumi na moja, na sikuwa na mahali pengine duniani ambapo mikono yangu ilihitajika.

Wiki mbili nilikaa nje, nikisikia msumeno ukilia bila mimi. Nikamshuku kila mtu. Nilimshuku jirani aliyekuja kuomba moto, kaka zangu, hata mama, kwa sababu jiko lilikuwa lake.

Siku moja nikatumwa sukari. Nikasimama mlangoni pa duka nikainua macho, nikahesabu vidole vya kanga. Viwili. Nikahesabu tena. Karatasi yangu ilikuwa na vitatu! Basi aliyeiga aliiga ubao, hakuiga karatasi.

Mama wa duka, amejifunga ushungi wake, akaniona nimeduwaa. "Wee mtoto, umemezwa na ndege?"

"Mama, huyu mlimtoa wapi?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Si ni mwalimu! Alipeleka ule ubao darasani, watoto wote wakaweka karatasi juu, wakasugua na makaa. Somo la kuchora. Mtoto wangu akaleta yake nyumbani, baba yake akaipenda, akaipeleka kwa fundi. Hata wewe kama unataka, wapo wengine."

Nilikimbia na sukari ikimwagika. Lakini nilipofika kibandani nikakumbuka. Nikimwambia mwalimu habari ya kidole, nimemwaibisha baba. Kwa hivyo nilisimama nje, pale baba aliponiweka, nikamwambia yeye peke yake. Akaweka msumeno chini, akaenda mpaka dukani, akasimama chini ya ule mlango kofia mkononi. Aliporudi alisema, "Leta kitambaa cha makaa." Basi. Pole sikusikia. Mwalimu hakuambiwa kitu, na mpaka alipohama Kajiado aliniita yule msichana wa karatasi.

Nilifanya kazi na baba miaka mingi baada ya hapo. Lakini karatasi alichoma mwenyewe, kila mara.

Baadaye chai ikaanza kuja kwa mifuko ya karatasi, masanduku yakaisha. Watu wakaweka milango ya chuma, yale matundu ya hewa wakayaziba na simiti. Pahali pa kibanda pana ghorofa sasa. Sijui kama siku ile baba aliniamini, au alichoka tu kufanya kazi peke yake. Nilikuwa na miaka yote hiyo ya kumuuliza, tumeketi bega kwa bega, na sikumuuliza, kwa sababu niliogopa atakachojibu.