Barua Iliyokuja Kumwomba Francine

Francine alikataa wanaume watatu kabla hajafika miaka thelathini, na yule wa tatu alikuwa na duka la mabati. Mji mzima wa Kasongo ulijua. Shangazi yake, mama Emilienne wa Kabambare, alikuwa ametandika mikeka mara tatu kwa ajili ya wageni wa posa, na mara tatu akaikunja bila kumtazama mtu. Tangu siku ile ya tatu alikuwa akisema mbele ya watu kwamba mtoto wa kaka yake ameolewa na mashini.

Hakuwa amesema uongo sana. Baba yake Francine, marehemu Théophile, ndiye aliyekuwa akitengeneza mashini za kushona za masista na za mafundi wote wa soko. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, basi alimkalisha huyo huyo kando ya meza yake akamfundisha kwa masikio kabla ya mikono. "Funga macho," alikuwa akimwambia. "Zungusha gurudumu. Sasa niambie ni nini inalia." Miaka kumi, mtoto wa kike, na tayari anajua kilio cha mkanda na kilio cha sindano iliyopinda. Baba alipokufa, Francine alichukua sanduku la bisibisi, meza na wateja. Wako waliosema mwanamke hawezi kazi ile. Hao ndio walirudi wa kwanza, mashini zao begani.

Alikuwa na namna yake ya kumaliza kazi. Mashini ikishatulia, hakuijaribu kwa kitambaa. Alichukua kipande cha jani la mgomba, akakipitisha chini ya sindano. Uzi ukiwa umekazwa mno, jani linachanika. Ukiwa umelegea, mshono unacheza. Jani likitoka zima, na mshono umenyooka kama njia ya siafu, anapangusa mikono na kusema, "Chukua mashini yako, na usiitie tena mafuta ya mawese."

Kila miezi mitatu alipanda pikipiki ya Dady, kijana wa kubeba abiria, wakaelekea Kabambare na mpaka Salamabila, kule kwenye dhahabu, ambako suruali zinaisha magotini kila wiki na vumbi jekundu linazisonga mashini kooni. Huko fundi mmoja alimpiga video akishona jani. Video ikatembea kutoka telefone hii kwenda telefone ile, ikafika Kanada, kwa Magloire, mtoto wa mjomba wake, ambaye anakata vitambaa katika karakana ya makoti ya baridi. Magloire akamwonyesha patroni wake, mwenye karakana.

Patroni huyo, madamu Louise, alikuwa ametafuta fundi wa mashini miaka miwili, maana wa kwake alikuwa amezeeka na vijana wa kule hawaitaki kazi ile. Alizungumza na Francine mara tatu kwa telefone. Mara ya tatu alimwomba afungue mashini yote mbele ya kamera na kuirudisha. Francine aliirudisha huku akimsalimia mteja aliyepita. Baada ya wiki sita mkataba ukaja: madamu mwenyewe ataiombea ruhusa karakana yake kuleta fundi wa nje, na kwa ruhusa hiyo Francine ataomba viza ya kazi.

Francine alisoma amesimama. Mashini za umeme zinazoshona vifungo zenyewe, yeye alikuwa ameziona kwenye picha tu. Vidole vilimwasha.

Mtoto aliyelelewa hafichi jambo kama hilo. Baba hayuko, shangazi ndiye baba. Basi alifanya nakala ya mkataba, akampa Dady aipeleke Kabambare, naye akaenda Kindu kutafuta pasipoti. Hapo ndipo alipokosea. Alituma karatasi, hakwenda mwenyewe.

Mama Emilienne alimwita jirani yake, mwalimu Alain, aje kusoma.

"Soma pole pole. Mimi siko mwanafunzi yako."

"Inasema atafanya kazi kwa huyu patroni peke yake, miaka miwili. Akitaka kwenda kwa mwingine, hawezi, mpaka apate ruhusa ingine."

"Peke yake?"

"Peke yake, mama."

"Na safari ya kumuchukua?"

"Iko juu ya patroni, yeye atalipa."

"Na nyumba ya kulala?"

"Mwezi wa kwanza, juu ya patroni."

Mama Emilienne aliweka ungo chini. "Alain, wewe umeoa. Hiyo ni nini kama siyo ndoa?"

"Lakini mama, patroni mwenyewe ni mwanamuke."

"Sikuuliza ni nani. Niliuliza ni nini."

Alain aliirudia karatasi toka juu, maana jibu lilikuwa gumu. Mama Emilienne aliona watu waliomwomba mtoto wa kaka yake kwa karatasi, wakapanga safari na kitanda, na hawakuuliza hata jina la ukoo. Kwao, mtu akimtaka binti wa watu, anatanguliza mjumbe, na mjumbe hafiki mikono mitupu. Miaka yote amengoja mgeni wa nne. Sasa amekuja, na amepitia dirishani.

Akaagiza kalamu. Alain aliandika kwa Kifaransa kile alichoambiwa kwa Kiswahili, na kila alipojaribu kulainisha, mama alimgongea meza. Barua ilisema: tumepokea maneno yenu, hatukatai. Lakini mtoto ana watu. Mlete mbuzi wawili, mmoja wa upande wa baba, mmoja wa upande wa mama, blanketi ya mjomba, jembe, na mfuko wa chumvi. Bila hivyo Francine hatoki. Akabonyeza kidole gumba chini yake. Alain akaipiga picha na kuituma kwenye anwani iliyokuwa mwisho wa mkataba.

Francine alirudi kutoka Kindu na pasipoti mpya kifuani, akakuta ujumbe wa madamu Louise, na barua ya shangazi ndani yake. Aliusoma mara ya kwanza akicheka, kwa sababu ya jembe. Mara ya pili kicheko kikakauka. Mtu wa sheria anayeshughulikia makaratasi alikuwa amesimamisha yote. Huko, kumwajiri mtu kutoka nje na kutoa kitu kwa mwingine ili aachiliwe ni kosa. Inaonekana kama mtu anauzwa. Madamu hakuamini hivyo, lakini muda wa kuiombea ruhusa karakana yake ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Kama katika siku kumi familia haijaeleza, kwa maandishi yenye mhuri, kwamba haitaki kitu, nafasi itapotea.

Asubuhi iliyofuata alikuwa nyuma ya Dady kwenye pikipiki, njia ya Kabambare. Mvua ilikuwa imekula barabara. Mara nne walishuka kusukuma, na Dady, ambaye alikuwa amesikia habari yote, alishindwa kunyamaza.

"Sasa jembe, ni ya kulima theluji?"

"Dady, endesha."

"Naendesha. Nauliza tu."

Walifika jioni, na matope mpaka kwenye nyusi. Mama Emilienne alikuwa anakaanga karanga. Francine hakungoja kunawa.

"Shangazi, umeniharibia."

"Kula kwanza."

"Sitakula. Wanasema unaniuza."

"Nani anasema?" Sauti ya mama ilishuka, na ilipokuwa ikishuka watu wa nyumba ile walikuwa wakitafuta kazi ya kufanya uwani. "Kuuza ni kutoa mutu bila kuuliza anaenda kwa nani. Mimi niliuliza."

"Shangazi, ni kazi. Siyo mume. Andika kwamba hutaki kitu."

"Niandike nilidanganya?"

"Uandike ulikosea."

"Sikukosea. Wao ndio hawakujua kuomba." Akageuza karanga. "Wanaume watatu ulikataa, nikanyamaza. Leo unaenda mahali hakuna mutu hata mumoja anajua wewe ni wa nani. Ukiugua, watakuona kama kitu kimeokotwa njiani. Mbuzi nitakula siku moja. Lakini mutu aliyeleta mbuzi, huyo hawezi kusema hakujua wewe iko na watu."

Francine alikuwa amekuja na maneno mengi. Aliyaweka kando. Alikaa chini, akanawa, akala karanga, na walipomaliza alisema, "Basi muulize mwenyewe. Uso kwa uso."

Magloire aliipanga simu ile. Saa tisa ya mchana wa siku iliyofuata, ambayo kwa madamu Louise ilikuwa asubuhi, walikwenda mpaka karibu na mnara, ambako rezo ya simu ni nzuri, Alain ameshika telefone kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi. Mama Emilienne alikuwa amevaa kitambaa cha sikukuu na kukalia kiti alichobebewa kutoka nyumbani. Upande wa pili akatokea mwanamke mwenye miwani na nywele fupi, na Magloire kando yake wa kugeuza maneno.

"Madamu anasalimia," alisema Magloire. "Anauliza kama kuna mutu anamulazimisha Francine kwenda."

"Mwambie nimesikia salamu. Na wewe Magloire, mama yako iko muzima, unene wako tumeuona. Mwambie: yeye ni mutoto wa nani?"

Upande wa pili wakacheka. Madamu alieleza sheria. Hawezi kutoa mbuzi.

"Na kuku?"

"Hata kuku, shangazi."

"Yai?"

"Anasema hata ganda la yai."

"Sheria ya watu wachoyo," alisema mama Emilienne, na Magloire hakuligeuza hilo. "Sasa uliza: mutoto wetu akishikwa na homa, nani atamupa maji?"

 Madamu alisema mwezi ule wa kwanza Francine atakaa nyumbani kwa madamu mwenyewe, pamoja na mama mzazi wa madamu, ambaye ndiye aliyeanzisha karakana na mashini tatu, na mpaka leo anakuja kila asubuhi kuwasumbua wafanyakazi.

"Mama yake iko hapo?"

"Iko hapa."

"Basi kwa nini nazungumza na watoto? Mulete."

Wakamleta. Bibi kizee mdogo wa mwili, mweupe kama unga wa muhogo, ameshika mkono wa koti ambao haujaungwa. Wale bibi wawili walitazamana. Hakuna aliyecheka kwanza. Kisha mama Emilienne akaonyesha ule mkono wa koti kwa kidole, na bibi wa kule, bila kungoja Magloire, akasogeza mshono mpaka ukajaza kioo kizima. Mama aliuangalia kwa muda mrefu, macho ameyafinya.

"Mushono iko sawa," alisema. "Huyu alilelewa."

Yule bibi akauliza kitu. Magloire alisema, "Anauliza, kama sheria inakataza vitu, anaweza kukupa nini ili ulale vizuri."

Mama Emilienne alimtazama Francine.

"Anipe habari," alisema. "Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, yeye mwenyewe anipigie, siyo Francine. Francine atanidanganya kwamba anakula. Huyu mama aniambie kweli. Sheria yao inakataza habari?"

Haikukataza. Siku ile ile, kabla ofisi ya serikali ya teritwari haijafungwa, Alain aliandika barua ya pili: familia haitaki kitu, haijapokea kitu, haitapokea kitu, na Francine anaenda kwa hiari yake. Mama alikataa neno "tulikosea" liwemo, akatazama mpaka Alain akalifuta. Karani alipomwonyesha mahali pa kidole, alimwambia asimsukume, yeye amebonyeza karatasi kabla karani hajazaliwa. Mhuri ukapigwa.

Baada ya siku nne madamu aliandika kwamba kazi ya makaratasi imeendelea. Francine alikwenda Kinshasa kutoa alama za vidole, akarudi Kasongo akangoja miezi mitatu, akakataa kutengeneza mashini ya mtu yeyote aliyemuuliza, "Bado?" Siku viza ilipotoka, wateja wa soko walikuja na mashini zao zote, hata nzima, na alizishonea majani wiki mbili mfululizo.

Alipoondoka Kasongo kwenda Kindu kupanda ndege, mama Emilienne alipanda pikipiki ya pili nyuma yake, akasema anasindikiza mpaka mtoni tu. Kule mtoni akasema mpaka ng'ambo. Alifika naye Kindu, akamkabidhi kwa rubani kwa mkono, na rubani, mtu wa adabu, akapokea.

Ikafika Jumapili ya kwanza ya mwezi, na Francine angali Kinshasa anangoja ndege kubwa. Telefone ya Alain ikalia Kabambare, mbele ya mama Emilienne. Ni bibi wa kule, hakutaka kuchelewa siku, na Magloire anacheka nyuma yake.

"Anasema hana habari bado," alisema Magloire. "Ila kitanda ameshatandika."

"Mwambie amefanya vizuri," alijibu mama Emilienne, akijiweka sawa kwenye kiti. "Sasa aniambie, huko jana walikula nini?"